Soko la Brixton, London: siku gani, niingilie wapi, na ninunue vipi bila kupunjwa?

Msafiri_Juni aliuliza:

Wakuu, habari za wakati huu. Mwezi wa sita nitakuwa London kwa siku tano, na siku moja nzima nimeitenga kwa ajili ya soko la Brixton. Tumepanga nyumba yenye jiko, tuko watu wanne, kwa hiyo sitaki kupiga picha na kuondoka. Nataka kununua na kupika.

Naomba kujua: siku na saa nzuri ni ipi? Nikitoka kituoni naelekea wapi? Wanapokea kadi au nibebe pesa taslimu? Nimesikia vyakula vyetu vingi vipo pale ila vina majina mengine, nitavitambuaje? Nataka pia kupika tunda la aki na samaki wa chumvi kama Wajamaika, na mke wangu anatafuta vitenge. Baada ya hapo tunapanda treni kwenda Paris, je, tunaruhusiwa kubeba vyakula vitakavyobaki?

Laini_ya_Victoria alijibu:

Mkuu, nianze na njia, maana hapo ndipo watu hupoteza pesa kabla hata hawajafika sokoni.

Panda treni ya chini ya ardhi, laini ya Victoria, iliyochorwa kwa samawati kwenye ramani. Brixton ndicho kituo cha mwisho upande wa kusini, kwa hiyo huwezi kupitiliza. Ukitokea stesheni ya Victoria ni kituo cha nne: Pimlico, Vauxhall, Stockwell, kisha Brixton. Gusa kadi ya benki ukiingia na uguse tena ukitoka, na kitu unachogusisha kiwe kilekile. Ukiingia kwa kadi ya plastiki halafu ukatoka kwa simu, mfumo unaona wasafiri wawili ambao kila mmoja safari yake haikukamilika, na unatozwa kiwango cha juu mara mbili. Inatokea hata kama kadi iliyo ndani ya simu ni hiyohiyo. Kila mtu awe na kadi yake. Kwenye basi unagusa mara moja tu, unapopanda, na pesa taslimu hazipokelewi kwenye mabasi ya London tangu 2014.

Nauli ya treni hupanda Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Ukigusa saa 3:35 asubuhi unalipa kidogo na unafika meza zikiwa zimeshapangwa.

Ukitoka kituoni pinda kushoto. Hatua chache tu, kushoto kwako, utaona Electric Avenue. Mtaa huo umejikunja kama upinde na unatokea Atlantic Road. Ukivuka Atlantic Road unaingia Pope's Road, inayopita chini ya madaraja ya reli hadi Brixton Station Road. Hizo ndizo barabara za soko la wazi. Halafu kuna masoko matatu yenye paa: Reliance Arcade, ambalo ni kichochoro chembamba cha vibanda, Market Row, na Brixton Village, lililokuwa likiitwa Granville Arcade. Wengi huishia Electric Avenue wakidhani soko limekwisha, kumbe nusu yake iko ndani.

Kwa siku, soko la barabarani ni Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Jumatano ni nusu siku, kufikia saa 9 alasiri wanakunja. Kwa mnunuzi, Alhamisi au Ijumaa asubuhi ndiyo bora. Jumamosi mchana utaona rangi zote za soko, lakini hutapata nafasi ya kusimama ukaligeuza embe mkononi. Jumapili kuna soko la wakulima Brixton Station Road, ila hilo ni soko tofauti kabisa, la mazao ya mashamba ya Uingereza. Usiende siku hiyo ukitafuta muhogo.

MamaPishi alijibu:

Kaka, majina ndiyo yenye kazi. Karibu kila kitu unachokijua kipo, ila kibao kinasema lugha ya aliyekileta, Mjamaika, Mghana au Mnaijeria, na jina moja linaweza kubeba vitu viwili.

"Plantain" ni ndizi za kupika, zile ndefu za jamii ya mzuzu. Zinauzwa kwa idadi. Mbichi kabisa ni za kuchemsha au kukaanga kavu, za njano zenye madoa meusi ni za kukaanga zikiwa tamu, na zilizoiva hadi ganda jeusi si mbovu maadamu hazijalegea kama uji. Watu hudanganyika na weusi wa ganda wakaacha zile tamu kuliko zote, na mara nyingi hizo ndizo za bei nafuu.

"Yam" ni kiazi kikuu. Kile cha "puna" kutoka Ghana ni cheupe, kavu, kinapondeka vizuri. Cha njano cha Jamaika ni kigumu zaidi, kina uchungu kidogo, kinafaa kuchemshwa vipande. Hukatwa na kupimwa kwa uzito, kwa hiyo huna sababu ya kununua kizima. Uso uliokatwa uwe mkavu wa rangi moja. Ukiwa na mistari ya kahawia au harufu ya uchachu, mwombe akate upande wa pili akupe hapo. Kadiria gramu 250 hadi 300 kwa mtu kabla ya kumenya.

"Cassava" ni muhogo. Mwingi unatoka Costa Rica ukiwa umepakwa nta, na nta hiyo ina sababu: muhogo uliochimbwa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu, unaingia mistari ya buluu nyeusi kwa sababu ya hewa, na nta inaizuia hewa isipenye. Tatizo ni kwamba nta inaficha pia. Mwombe muuzaji auvunje ncha. Wamezoea, hatachukia. Ukivunjika kwa mlio na ndani ni mweupe pe, chukua. Ukipinda kabla ya kuvunjika, au ukiona vidoa vyeusi kwenye duara, acha.

Magimbi yana majina matatu. "Dasheen" ni makubwa, "eddoe" ni yale madogo yenye nywele, na "coco" ni jina la Kijamaika ambalo wauzaji hulitumia kwa aina zaidi ya moja. Yamenye mikono ikiwa mikavu au umeipaka mafuta, maana ute wake una vijiti vidogo mno vya kalsiamu oksaleti vinavyochoma ngozi. Maji ndiyo yanayousambaza.

Sasa mtego mkubwa: "callaloo". Kwa Mjamaika ni mchicha, na unapika kama mchicha, dakika kumi hadi kumi na tano. Kwa mtu wa Trinidad neno hilohilo ni majani ya magimbi, na hayo yasipopikwa yakalainika kabisa, dakika 40 au zaidi, yatakuwasha koo. Angalia jani. Jani pana lenye umbo la moyo na bua nene ni gimbi. Shina jembamba lenye majani mengi madogo ni mchicha.

Mengine ni mepesi. "Gungo peas" ni mbaazi. "Peas" peke yake, kwenye wali wa Kijamaika, ni maharage mekundu. "Breadfruit" ni shelisheli. "Soursop" ni stafeli. "Okra" ni bamia, na chagua zisizozidi urefu wa kidole, ncha ikatike ukiikunja. "Sorrel" ikiwa maua mekundu makavu ni rozela ya kutengenezea kinywaji, lakini Waingereza wana mboga ya majani yenye jina hilohilo. "Scotch bonnet" ni ndugu wa pilipili mbuzi, na moja nzima isiyopasuka inatosha sufuria ya watu wanne. Ikipasuka kwenye mchuzi hakuna cha kuokoa. Ukali wake unayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo ukiikata sugua mikono kwa mafuta ya kupikia kwanza, ndipo sabuni.

Kuhusu mizani: matunda na mboga ndogondogo huuzwa kwa bakuli, bei moja kila bakuli, na muuzaji humimina lote kwenye mfuko. Vizuri viko juu, vilivyopondeka viko chini. Usichokoe mwenyewe. Mwambie kwa upole akuonyeshe ya chini, au umwonyeshe bakuli la nyuma unalotaka. Vingine vina vibao vya uzito. Ukiona "lb" hiyo ni ratili, gramu 454, na kilo moja ni ratili 2.2. Kibao kikisema pauni 1.50 kwa ratili, kilo ni karibu pauni 3.30. Sheria inataka bei ya kilo ionekane, ya ratili ni nyongeza tu. Kwa hiyo tafuta maandishi ya "kg" kabla ya kulinganisha meza mbili.

Nyuzi_Sita alijibu:

Dada yetu anayetafuta vitenge aangalie maduka ya kitambaa ya Electric Avenue, Atlantic Road na ndani ya masoko yenye paa. Kipande kizima ni yadi 6, yaani mita 5.5 kasoro kidogo. Maduka mengi yatakukatia nusu, yadi 3, ambayo ni mita 2.74. Fundi wako akikwambia lete mita tatu, nusu kipande hakitoshi. Hapo ndipo watu hukosea, wanasikia "tatu" na kudhani ni kipimo kimoja. Upana nao hutofautiana, mwingi uko karibu sentimita 115 hadi 120, hivyo upimwe mbele yako.

Kutambua: kigeuze. Kitenge cha nta halisi kina rangi karibu sawa pande zote mbili, kwa sababu nta na rangi vilipenya kitambaa mbele na nyuma, na utaona nyufa ndogo za rangi zisizofanana kutoka ua moja hadi jingine. Kilichochapwa upande mmoja kina mgongo uliofifia. Si dhambi kununua hicho cha pili, kwa mapambo ya meza kinatosha, ila usikilipie bei ya cha kwanza. Kwa nguo, hakikisha ni pamba: nyuzi mbili tatu za pembeni zikichomwa zinabaki jivu laini, na za poliesta hujikunja kuwa kitonge kigumu. Usifanye jaribio hilo dukani. Omba kipande kidogo cha pindo, au soma maandishi ya ukingoni.

Nunua kitambaa kabla ya samaki. Harufu ya samaki ikiingia kwenye kitambaa kipya chenye wanga haitoki kirahisi.

Mizani_Sawa alijibu:

Kwenye swali la pesa hajajibu mtu bado. Kadi inapokelewa maeneo mengi, lakini kwa bakuli moja la nyanya muuzaji anaweza kukataa au kuweka kiwango cha chini. Beba pauni 30 hadi 40 za noti za 5 na 10. Noti ya 50 ni shida kwenye meza.

Kama una pauni za zamani zilizokaa kabatini, zikague kabla ya safari. Noti zote zinazotumika sasa ni za plastiki. Za karatasi za 20 na 50 zilikoma kuwa pesa halali tarehe 30 Septemba 2022, na za 5 na 10 zilikoma kabla ya hapo. Sarafu ya pauni 1 ya duara ilikoma Oktoba 2017, ya sasa ina pembe 12. Muuzaji hatapokea za zamani, lakini noti hazijapotea thamani, Benki Kuu ya Uingereza hubadilisha.

Ukitoa pesa kwenye mashine, ikikuuliza kama unataka ukatwe kwa sarafu ya nchi yako, kataa, chagua pauni. Kiwango cha mashine karibu kila mara ni kibaya kuliko cha benki yako.

Na simu: usisimame ukingoni mwa Brixton Road ukisoma ramani. Uporaji wa simu kwa baiskeli na pikipiki za umeme ni tatizo la London nzima, na anayeporwa ni yule aliyeishika mbele upande wa barabara. Ingia ndani ya soko lenye paa, soma, iweke mfukoni, kisha tembea.

Msafiri_Juni aliandika:

Asanteni sana, haya ni mazito. MamaPishi, nisaidie basi na aki. Nimesoma kwamba lina sumu, nimeogopa kidogo. Na picha je, wanakasirika?

MamaPishi alijibu:

Usiogope, ila lijue. Aki bichi lina sumu iitwayo hipoglisini, inayoshusha sukari ya damu vibaya sana. Tunda lazima lifunguke lenyewe mtini ndipo liliwe. Wewe utanunua la kopo, lililokwisha kusafishwa na kuchemshwa. Kopo la kawaida ni gramu 540 pamoja na maji ya chumvi, ukichuja inabaki karibu nusu. Kwa watu wanne wenye kiazi kikuu au ndizi pembeni, makopo mawili na samaki wa chumvi gramu 300 yanatosha. Angalia kopo lisiwe limevimba au kubonyea kwenye mshono.

Samaki chagua mnofu mnene, mweupe unaoelekea krimu, usio na madoa mekundu. Loweka usiku kucha kwenye maji baridi ndani ya friji, badilisha maji mara tatu. Kesho yake chemsha dakika 15, mwaga maji, onja. Bado chumvi imezidi? Chemsha tena kwa maji mapya. Kosa la kawaida ni kuloweka saa moja na kutegemea kupunguza chumvi nyingine zote. Haitoshi, chumvi iko ndani ya nyama. Kosa la pili ni kuondoa chumvi yote, samaki akawa kama pamba. Aki halina ladha kali, linategemea samaki huyo. Abaki na chumvi unayoihisi.

Kaanga kitunguu, pilipili hoho, nyanya moja na kipande kidogo cha pilipili kali. Tia samaki aliyechambuliwa miiba, dakika tano. Aki huingia mwisho likiwa limechujwa, ligeuze kwa kuinua toka chini mara mbili tatu, funika dakika tatu, zima. Ukilikoroga linapondeka kama mayai ya kuvuruga.

Kwa hiyo samaki wa chumvi mnunue siku ya sokoni, mpike siku inayofuata. Siku hiyohiyo mle samaki mbichi. Pono na nguru utawakuta. Jicho limejaa, mashavu ya ndani mekundu, ukibonyeza nyama inarudi. Mwambie muuzaji ampae magamba, atoe matumbo na akate vipande. Kwa kawaida ni bure, ila useme kabla hajamfunga.

Picha: nunua kwanza, omba ruhusa baadaye. Meza na vyakula wengi hawajali. Sura za watu usipige bila kuuliza, na ukikataliwa usibishane. Pale ni kazini kwao.

Historia_Mtaani alijibu:

Niongeze moja, maana inasaidia kuelewa unachokiona. Electric Avenue ilijengwa miaka ya 1880 na ilikuwa barabara ya kwanza ya soko kuwashwa taa za umeme, ndiyo asili ya jina. Mapaa ya chuma na vioo yaliyofunika njia ya waenda kwa miguu yaliondolewa miaka ya 1980.

Meli ya Empire Windrush ilipofika bandari ya Tilbury, Uingereza, Juni 1948 ikiwa na abiria kutoka Karibiani, baadhi yao ambao hawakuwa na pa kulala waliwekwa kwenye handaki la vita la Clapham South. Ofisi ya ajira iliyokuwa karibu nao ilikuwa Coldharbour Lane, Brixton. Walikwenda kutafuta kazi pale, wakapanga vyumba pale, na wauzaji wakaanza kuleta walichokula. Ndiyo sababu kiazi kikuu kiko Brixton. Baadaye wakaja watu wa Afrika Magharibi, wa Pembe ya Afrika, na Wakolombia wenye bucha na mikahawa ndani ya masoko yenye paa. Mwaka 2010 masoko hayo matatu yaliingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Ukimaliza kununua, Windrush Square ni mwendo mfupi tu, kuna pa kukaa.

Laini_ya_Victoria alijibu:

Nimalizie la Paris na mpangilio wa siku.

Zunguka mara moja mikono mitupu kabla ya kununua chochote, dakika 40 zinatosha, ukilinganisha bei za kilo. Kisha vitenge, kisha makopo na samaki wa chumvi, kisha viazi na mihogo, mboga za majani, na samaki mbichi au nyama mwisho kabisa, uelekee nyumbani moja kwa moja. Juni kukiwa na joto, samaki asikae nje ya baridi zaidi ya saa moja au mbili. Omba barafu, ongeza mfuko wa pili. Beba mifuko imara ya nguo, ile mifuko laini ya sokoni haihimili kilo tatu za muhogo.

Kuingia Ufaransa kutoka Uingereza: nyama ya aina yoyote na vitu vya maziwa haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, hata sandwichi yenye jibini. Samaki wanaruhusiwa, hadi kilo 20 kwa mtu. Mimea na matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa mananasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Kwa hiyo viazi vikuu, magimbi, muhogo na pilipili vimalizeni London. Ndizi na kopo la aki mnaweza kupanda navyo treni.